Kabla Hujanunua Modemu, Chomeka Simu

Binti wa dada yangu alinipigia wiki ile aliyohamia chumba cha kupanga karibu na chuo. Laptop yake ni ya mtumba, tuliitoa Kariakoo, na mimi ndiye niliyeiwekea Ubuntu kwa sababu Windows iliyokuja nayo haikuwa na leseni na iliifanya mashine itambae. "Shikamoo mjomba," akaanza. "Nimetenga elfu hamsini ya modemu. Ninunue ipi inayokubali Ubuntu?"

Nikamwambia aiweke hiyo elfu hamsini kwa siku mbili. Kwanza achukue simu yake na waya anaochajia, achomeke kwenye laptop, halafu tuzungumze.

Swali lake naulizwa mara nyingi, na majibu anayopewa mtu dukani ni mawili tu: "chukua hii ya Huawei" au "zote zinakubali." Yote mawili yanaruka hesabu. Bei ya modemu unailipa mara moja. Bando unalilipa kila wiki, miaka na miaka, na kinacholimaliza bando kwenye kompyuta ya Linux mara nyingi ni namna kifaa ulichonunua kinavyojitambulisha kwa kompyuta. Hilo halijaandikwa kwenye boksi la modemu yoyote niliyowahi kushika, ndiyo maana naliandika hapa.

Tuanze na simu, kwa kuwa wengi tayari wanayo. Kwenye Android unaingia kwenye mipangilio ya mtandao, unachagua kusambaza mtandao kwa USB, basi. Upande wa Ubuntu, Debian, Fedora au Mint hakuna cha kusakinisha: draiva inayohitajika, rndis_host, imo ndani ya kiini cha Linux tangu zamani. Baada ya sekunde chache inatokea alama ya mtandao wa waya, na ukiangalia kwa amri ya `ip a` utaona jina jipya kama usb0, au refu linaloanza na enx. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Kompyuta isiyo na intaneti haiwezi kupakua programu ya kuiletea intaneti, na watu wengi walioshindwa kuunganisha modemu walikwama hapohapo.

Kikwazo pekee nilichokutana nacho mara kwa mara ni waya. Nyaya nyingi za bei nafuu zinazouzwa barabarani zina njia za umeme peke yake, hazina njia za data. Simu inachaji vizuri, kompyuta haioni kitu. Kabla hujailaumu Linux, jaribu kuhamisha picha moja kwa waya huohuo. Ikigoma, tafuta waya mwingine.

Sasa njoo kwenye jambo la pesa. Android inapoigawia kompyuta anwani ya mtandao, huambatanisha ujumbe mfupi wa neno moja: ANDROID_METERED. Maana yake ni kwamba mtandao huu unapimwa, mwenye laini analipia kila MB. NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho kwenye Linux nyingi za mezani, inalielewa neno hilo na kuupa muunganisho alama ya mtandao wa kupimwa. Kuanzia hapo duka la programu la GNOME linaacha kupakua masasisho kimyakimya, na huduma ya masasisho ya usalama yanayojiendesha nayo inasubiri. Hukugusa kitu, lakini sehemu ya bando imelindwa; iliyobaki inahitaji amri nitakayoitaja mbele.

Modemu za USB kwa upande wao ni koo mbili, ingawa kwa macho zinafanana kama mapacha. Ya kwanza ni ile ya kupiga, ya kizamani. Ukiichomeka inatengeneza milango ya mfuatano, /dev/ttyUSB0 na wenzake, na kompyuta yenyewe ndiyo inayopiga namba *99# na kufungua njia. Huawei E173 iliyoenea sana kwetu enzi za 3G ni ya ukoo huu. Ya pili ni ile ambayo Huawei huiita HiLink: ndani ya kijiti kile kidogo mna rauta kamili, yenye ukurasa wake wa mipangilio kwenye 192.168.8.1. Inapiga yenyewe na kuigawia kompyuta mtandao kana kwamba umechomeka waya wa ofisini. E3372h ni ya namna hii. Ndugu yake E3372s, mwenye sura ileile, ni wa kupiga. Herufi moja tu inabadilisha kazi yote.

Koo zote mbili huanza na mchezo mmoja. Modemu ikichomekwa mara ya kwanza hujifanya CD, ndani yake mkiwa na programu za Windows. Kwenye Windows programu ile husakinishwa, kisha huiamuru modemu iache kuwa CD na kuwa modemu. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na usb_modeswitch, programu iliyoandikwa na Josua Dietze, ambayo kwenye Ubuntu ya mezani huwa imeshakuja na mfumo. Unaweza kuutazama mchezo wenyewe. Chomeka E3372h, fungua dirisha la amri, andika `lsusb` mara moja, subiri kidogo, rudia. Mara ya kwanza utaona 12d1:1f01, ambapo 12d1 ni namba ya Huawei na 1f01 ni ile CD ya bandia. Mara ya pili utaona 12d1:14dc. CD imeondoka, rauta imekuja. Namba ikibaki 1f01 hata baada ya dakika nzima, usb_modeswitch haipo, na hilo hutokea zaidi kwenye Debian iliyosakinishwa bila mazagazaga. Paketi zake mbili ni ndogo mno, hazifiki MB 1 kwa pamoja. Zipakue kwa simu uzihamishe.

Kwa HiLink kazi imeisha hapo. Kwa ile ya kupiga bado hatua moja, kuitajia APN, yaani jina la lango la intaneti la mtandao wako. Kwenye Ubuntu unaweza kupitia mipangilio ya mtandao wa simu, au uandike mstari huu:

nmcli connection add type gsm ifname '*' con-name modemu apn internet

Neno internet linatosha kwa Vodacom na Airtel wa Tanzania. Laini za Tigo, ambayo tangu Novemba 2024 inaitwa Yas, zilizoeleka kutumia tigoweb. Aliye Kenya na laini ya Safaricom anaandika `apn safaricom user saf password data`. Kama laini ina PIN, iondoe kwanza ukiwa umeiweka kwenye simu. Sijui usumbufu mdogo unaopoteza muda wa watu kuliko huo. Wale wanaotumia wvdial na minicom, programu za kuzungumza na modemu moja kwa moja, wanatakiwa pia kuwa kwenye kundi la dialout, la sivyo mlango wa ttyUSB0 utawakatalia, wafikirie modemu ni mbovu.

Kwa hiyo HiLink ni rahisi zaidi, na mtu yeyote atakwambia uinunue. Nami nakubali, ila kwa sharti moja, na hapa ndipo hesabu inapogeuka. Modemu ya kupiga inajulikana na NetworkManager kuwa ni mtandao wa simu, kwa hiyo huhesabiwa kuwa wa kupimwa bila kuambiwa. Simu, kama tulivyoona, inajitangaza yenyewe. HiLink inakaa kimya. Kompyuta inaona waya wa kawaida, inadhani iko kwenye ofisi yenye intaneti isiyo na kikomo, na inaanza kujihudumia.

Kinachopotea kinahesabika. Mwaka 2021 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliweka bei ya MB moja ya kifurushi iwe kati ya shilingi 2.03 na 9.35. Firefox inayokuja na Ubuntu ni ya mfumo wa snap, na kifurushi chake kizima kinazidi MB 200. Toleo jipya la Firefox hutoka takriban kila wiki nne, bila kuhesabu marekebisho madogo ya katikati, na snap hukagua masasisho mara nne kwa siku. Upakuaji mmoja wa MB 200 kwa viwango vile ni kati ya shilingi 406 na 1,870. Wakati mwingine snap hupakua ile tofauti tu, wakati mwingine kitu kizima. Ongeza kiini kipya cha Linux, ongeza LibreOffice, ongeza programu nyingine za snap zinazoburutana. Mwanafunzi aliyejiunga bando la siku ili atume kazi ya mwalimu anakuta limekwisha kabla hajafungua barua pepe, naye anasema mtandao umemwibia. Nimekaa na watu watatu tofauti wenye malalamiko hayo, na kwa wote watatu mwizi alikuwa ndani ya mashine yao wenyewe.

Dawa ni mistari miwili. Tafuta jina la muunganisho kwa `nmcli connection`, mara nyingi utakuta Wired connection 1, kisha:

nmcli connection modify "Wired connection 1" connection.metered yes

sudo snap set system refresh.metered=hold

Mstari wa pili ni wa lazima hata kwa anayetumia simu, kwa sababu snap huheshimu alama ile pale tu inapoamriwa. Baada ya hapo chagua siku moja ya kusasisha kila kitu kwa makusudi, iwe kwenye Wi-Fi ya chuo au kwa bando la usiku. Usiyafute masasisho kabisa. Mashine isiyosasishwa ina gharama yake, kubwa zaidi.

Elfu hamsini ya binti yetu, kwa viwango vilevile vya 2021, ni data kati ya GB 5 na GB 24. Huo ndio mzani niliomwekea. Upande mmoja modemu, upande mwingine data ya wiki kadhaa za masomo, na tayari mkononi ana simu inayofanya kazi ileile.

Simu ina ubaya wake, na sitauficha. Ukipigiwa na laini yako haitumii VoLTE, simu inashuka kutoka 4G, na mkutano wako wa video unasinyaa hadi mwisho wa maongezi. Simu iliyochomekwa kutwa nzima inapata joto, na betri inayoishi kwenye joto la Dar es Salaam ikiwa imejaa muda wote inazeeka upesi, hata kuvimba. Lakini kubwa kuliko yote ni kwamba simu ina miguu: mwenye simu akitoka, intaneti imetoka.

Hapo ndipo modemu inapostahili pesa yake. Rafiki yangu mmoja ana duka la steshenari huko Mbagala, kompyuta mbili za Linux, kijana mmoja wa kuchapa, na wateja wa fomu za mtandaoni kuanzia saa moja asubuhi. Hawezi kuacha simu yake dukani akienda benki, kwa kuwa simu hiyo ndiyo yenye pesa zake. Yeye anahitaji kifaa kinachokaa. Vivyo hivyo kwa maabara ya shule, kwa zahanati yenye kompyuta moja ya rekodi, kwa yeyote ambaye mashine inatakiwa iwe hewani hata bila mwenyewe kuwepo.

Kwa mtu kama huyo, nitasema mambo ambayo ningependa mtu aniambie kabla sijaingia mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kwa mara ya kwanza.

Nenda na laini mbili za mitandao miwili tofauti, zote zikiwa na salio kidogo, na kama inawezekana beba na laptop yenyewe. Modemu nyingi zilizowahi kuuzwa na makampuni ya simu zimefungwa kwa mtandao mmoja. Niliwahi kuuziwa moja niliyoapiwa inakubali laini zote. Nyumbani ikashika mtandao mmoja, mwingine ikaukataa. Niliporudi, muuzaji, kwenye duka ambalo sitalitaja, akaniambia tatizo ni hiyo Linux yangu. Ningekuwa sijui ningemwamini. Nilikuwa nimeshaiuliza modemu yenyewe kwa kupitia minicom. Kwa Huawei ya kupiga unaandika `AT^CARDLOCK?` nayo inajibu kwa tarakimu: ikianza na 1 imefungwa, ikianza na 2 iko huru. Yangu ilijibu 1,10,0. Ile 10 ni majaribio ya namba ya kufungulia yaliyobaki, kwa hiyo usimruhusu fundi abahatishe. Kila akikosea tarakimu inapungua, na ikifika sifuri njia hiyo imeziba.

Geuza modemu usome mgongoni, neno zima hadi mwisho. E3372h-153 inashika 4G kwenye masafa ya MHz 800, 900, 1800, 2100 na 2600. E3372h-607 haina 800, lakini ina 700. Hili si jambo la mafundi peke yao. TCRA ilipiga mnada masafa ya MHz 700 mwaka 2018, na Vodacom ni miongoni mwa waliopata. Masafa ya chini ndiyo yanayofika mbali na kupenya kuta. Modemu nzuri isiyo na masafa ambayo mnara wa kwenu unayatumia itakushushia 3G huku simu ya jirani ikionyesha 4G chumba hichohicho. Njia ya haraka ni kuangalia kwa simu yako, pale modemu itakapokaa, mnara unatumia bendi gani. Kuna programu za Android zinazoonyesha hilo, na bendi ya 28 ndiyo 700, ya 20 ndiyo 800, ya 3 ndiyo 1800.

Kuhusu kasi, E173 inaishia Mbps 7.2 na E3372 inaishia 150, kwa karatasi. Uhalisia ni chini ya hapo kwa mbali. Kama ya 3G inauzwa robo ya bei, mchapaji wa fomu anaweza kuishi nayo. Mwenye mikutano ya video asijaribu. Kasi haikuongezei MB wala haikupunguzii. Inakumalizia tu mapema zaidi, ukiwa hukuweka ile alama ya kupimwa.

Fikiria pia bando utalinunuaje. Menyu za vifurushi ni za USSD, *149*01# kwa Vodacom kwa mfano, na baadhi ya kurasa za HiLink hazina mahali pa kuandika namba hizo. Watu huishia kuchomoa laini, kuitia kwenye simu, kujiunga, kuirudisha. Modemu hizi zinataka laini ya umbo kubwa, kwa hiyo laini ndogo ya nano inavalishwa fremu, na fremu ikikamata vile vyuma vya ndani ukivuta kwa nguvu umeua modemu. Hapa ile ya kupiga ina ushindi wake. ModemManager inatuma USSD moja kwa moja:

mmcli -m 0 --3gpp-ussd-initiate='*149*01#'

Menyu inatokea kwenye dirisha, nawe unajibu kwa `--3gpp-ussd-respond=1`, kama unavyobonyeza kwenye simu. Anayetaka laini isiguswe kabisa atumie pesa za simu, ainunulie namba ya modemu bando kutoka kwenye simu yake. Na kumbuka kwamba tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole hufungwa, hata kama kazi yake ni kukaa ndani ya modemu. Laini ya duka iwe na jina la mtu atakayekuwepo mwakani.

MiFi, ile rauta ndogo ya mkononi, sina mengi ya kusema juu yake. Kwa kompyuta moja ni kulipia betri na Wi-Fi usivyovihitaji, na Wi-Fi hiyo haiiambii Linux kuwa data inapimwa. Kwa familia ya simu nne na laptop moja, ni kifaa kizuri.

Walio kwenye FreeBSD, na ninawajua wachache wanaoitumia kwenye seva za ofisi, wana utulivu wa aina yake. Draiva ya u3g huifukuza CD ya bandia yenyewe, bila usb_modeswitch, na modemu inaonekana kama /dev/cuaU0.0 kwa majina yanayofuatana. Kisha unaandika maelezo ya kupiga ndani ya /etc/ppp/ppp.conf. Huko hakuna duka la programu linalopakua vitu usiku, kwa hiyo hofu yangu kuhusu HiLink haiwahusu sana.

Jambo la mwisho ni umeme. Tundu la USB 2.0 linatoa mA 500, na modemu hula zaidi pale ishara inapokuwa dhaifu, kwa kuwa inapaza sauti ili mnara uisikie. Ikiwa yako inajikata na kurudi kila baada ya dakika chache, angalia `dmesg`. Ukikuta USB disconnect imejirudia, acha kuchezea APN. Ondoa kigawanyaji, chomeka nyuma ya kompyuta moja kwa moja, au tumia waya mfupi mnene uisogeze modemu dirishani. E3372h ina vitundu viwili vidogo vya antena pembeni, vya aina ya CRC9, kwa aliye mbali zaidi na mnara.

Binti wa dada yangu alinunua waya mpya wa mita moja wenye njia za data, pesa iliyobaki ikawa bando la mwezi. Yule wa Mbagala alichukua modemu ya 4G iliyo huru, tukaijaribu kwa laini mbili juu ya kaunta ya muuzaji kabla hajatoa pesa. Sasa inaning'inia kwenye waya wa nusu mita juu ya nondo za dirisha. Mgongoni ameiandikia namba ya laini yake kwa kalamu ya wino mzito, kwa sababu bando lake hununuliwa kutoka simu nyingine na hakuna pale dukani aliyekuwa akiikumbuka.